Mwonjaji wa Chai ya Mwezi wa Saba

Jambo la kwanza Mwonjaji kuniambia ni kwamba ninanuka. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, katika kampuni moja ya kufungasha chai huko Industrial Area, Nairobi, na nilikuwa nimejitia manukato kidogo shingoni kwa sababu nilitaka kupendeza. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kuonjea, mrefu, mkavu, koti lake jeupe limepigwa pasi likakaa kama ubao, akanionyesha bomba la maji lilipo. Nikaosha shingo mbele ya wapakiaji, nao wakicheka. Niliporudi alinusa hewa, akasema nikaoshe tena.

Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilifanya naye kazi kwa miaka, tukawa majirani huko mtaa wa Fedha, mlango wake ukitazamana na wangu, na mkewe akawa kama dada yangu mkubwa. Lakini ile chuki ya bombani haikuisha yote. Naisema mapema ili mtu asidhani ninamsimulia mtakatifu.

Kazi yangu ilikuwa kupanga sampuli. Makopo yalikuja kutoka viwanda vya milimani, mimi napima majani, nachemsha maji, namimina, napanga vikombe vyeupe kwenye meza ndefu chini ya madirisha. Yeye akaja na kijiko chake. Alifyonza chai kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka, akaizungusha mdomoni, akatema kwenye pipa lenye magurudumu nililokuwa nikilisukuma nyuma yake, akasema neno, karani akaandika, akasogea kwenye kikombe kingine. Neno lake lilikuwa la mwisho. Chai aliyoisifu ilinunuliwa. Chai aliyoikemea ilirudi mlimani na jina baya, na watu wa huko wakaulizwa.

Mwaka wake haukuwa na miezi kama wetu. Kulikuwa na chai ya kiangazi, ile ya mwanzo wa mwaka, jua likiwa kali na usiku ukiwa baridi: hiyo alisema inasimama mdomoni. Kulikuwa na chai ya masika, majani mengi, marefu, yaliyokua haraka kwa kunyweshwa sana. Hiyo aliidharau. Alisema ni mvua iliyopita karibu na chai. Vuli nayo aliihesabu kama mdogo wake masika, haina adabu lakini inafundishika. Kiangazi kikizidi urefu, alisema, jani linakuwa gumu na chai ina ladha ya mti. Na kulikuwa na chai ya mwezi wa saba. Wakati huo mlima umefunikwa na ukungu wiki nzima, mchai unakua polepole kana kwamba unafikiria, na kile kidogo kinachochipua kinabeba kila kitu. Hiyo ndiyo iliyomfanya asiteme. Katika miaka yote niliyosukuma lile pipa, sikumwona akimeza chai kazini isipokuwa ya mwezi wa saba. Alifumba macho, akameza, na kwa saa nzima baada ya hapo aliweza hata kukuita mwanangu.

Siku nyingine zote alikuwa mkali. Ukimletea maji yaliyochemka mara mbili, alijua, akayamwaga sakafuni, wewe ukapiga deki. Karani aliyekula kitunguu alitolewa nje kama mbuzi. Siku moja meneja mwenyewe aliingia na sigara, naye Mwonjaji akaweka kijiko chini, akakunja mikono, akatazama dirishani mpaka meneja alipotoka. Sisi wadogo tulifurahi sana siku ile. Tulidhani mtu anayeweza kumfanyia meneja hivyo anaweza lolote.

Alikuwa mtu wa pwani, na kwa ajili ya ulimi wake aliacha chakula chote cha kwao. Siku za kazi hakugusa pilipili, kitunguu saumu, samaki wa kukaanga, wala achari. Alikula wali mweupe na mboga isiyo na chumvi ya kutosha, kama mgonjwa. Mkewe alipika mara mbili kila siku, sufuria ya mumewe na sufuria ya watu, kama alivyosema. Jumamosi jioni ndipo alipofunguliwa. Pilau ya nyumba ile ilinukia mpaka barabarani, na mkewe alituletea mimi na wanangu sahani imefunikwa kitambaa, Wakristo sisi, kila wiki bila kukosa.

Na nyumbani kwake, mwonjaji huyu aliyenifukuza kwa tone la manukato alikunywa chai iliyochemshwa mpaka ikalia, ina maziwa, tangawizi, iliki, na sukari ya kusimamisha kijiko. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka kwa mshangao. Hakukasirika. Alisema, "Kazini nakunywa majani, binti. Hapa nakunywa nyumba yangu."

Vijana wa mtaa walijua kazi yake, wakampachika jina kwa ile sauti ya kufyonza. Wakimwona anapita walisema niaje mzee, halafu mmoja akafyonza hewa kwa kishindo na wengine wakaanguka kicheko. Alipita katikati yao bila kugeuza shingo. Nadhani aliwasikia, na nadhani ilimuuma, kwa sababu siku za namna hiyo alimfokea mkewe kwa mambo ya kijinga: kiatu kimewekwa wapi, pazia limefungwa na nani. Mke huyo hakujibu. Nilimwambia mara moja kwamba angekuwa mume wangu ningemrudishia. Alicheka, akasema mimi ndiyo maana sina mume.

Sasa nifike kwenye mvua.

Mimi ni mtu wa upande wa Embu, sehemu ya juu, mashamba yanapokaribia msitu. Mama yangu alikuwa na michai yake, si mingi, na aliichuma mwenyewe tangu nikiwa mgongoni mwake. Mwaka ule wa mvua za Elnino barabara za kwetu ziligeuka uji. Jani la chai likichumwa asubuhi linapaswa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Likikaa ndani ya gunia linapata joto, linabadilika rangi, linaanza kuoza likiwa bado la kijani kwa nje. Kila mtu kwetu anajua hilo, hata asiyewahi kugusa mchai. Ila lori la kiwanda likawa haliji. Lilikuja kesho, au kesho kutwa, na mkulima hana pengine pa kupeleka, kwa kuwa ameandikishwa kiwanda hicho na si kingine.

Makopo yakafika mezani. Nilisoma jina la kiwanda nikajua ni cha kwetu. Mwonjaji alifyonza, akatema haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akasuuza mdomo. Akasema imechacha, inanuka gunia bichi, wachumaji wa huko ni wazembe. Karani akaandika yote, na ule uzembe pia.

Nilimwambia, "Mzee, hiyo ni ya kwetu."

Alijibu bila kunitazama, "Kikombe hakina kwao."

Wiki chache baadaye mama alishuka Nairobi. Hakuwa na kawaida ya kuja, na alikuja na begi kubwa. Alinieleza jikoni, mgongo wake umenigeukia. Kiwanda kilipokea maneno kutoka Nairobi kwamba wachumaji wa kituo chao cha kukusanyia majani ni wazembe. Mkubwa mmoja wa kiwanda alikuja kituoni, akaamuru magunia yafunguliwe, majani yakamwagwa mtaroni mbele yao. Mama akauliza kwa nini hawamwagi dereva wa lori. Kwa kuuliza hivyo akakatazwa kuleta majani mpaka kiangazi kiishe. Yaani akose msimu wa kiangazi mzima, ule ambao hata Mwonjaji aliuheshimu. Michai isipochumwa inakua ikawa miti. Alikuja kwangu kwa sababu hakuweza kukaa akiitazama.

Nilimwambia mtu aliyesema maneno hayo anaishi mlango unaotazamana na wangu. Sikuona sababu ya kumficha. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa na nilitaka mwenye haki nayo zaidi yangu aipate.

Jumapili Mwonjaji mwenyewe alikuja kumkaribisha mgeni, kanzu safi, mkewe nyuma yake na sahani ya pilau. Alimwamkia mama kwa heshima zote za kwao, akauliza habari za nyumbani, za mifugo, za afya. Mama alijibu kila swali. Kisha akauliza lake.

"Ni wewe ulisema sisi ni wazembe?"

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Akasema yeye huonja chai, na chai ile ilikuwa mbovu, na Mungu ni shahidi.

"Ilikuwa mbovu," mama alisema. "Hata mimi najua. Nakuuliza uzembe. Uliuonja wapi?"

Mama akamuuliza kama amewahi kufika kule. Ikaonekana hajawahi. Mtu aliyeweza kukuambia kikombe hiki ni cha bonde gani na mvua ilinyesha lini, maisha yake yote hakuwahi kupanda mlima. Alijitetea. Alisema hawadharau watu wa kule, kinyume chake, hakuna mtu Nairobi anayeithamini kazi yao kama yeye, na akaanza kumweleza mama juu ya chai ya mwezi wa saba. Alieleza vizuri. Alieleza kama mtu anayemsifia mwenzake mtoto.

Mama alimwacha amalize. Halafu akanyoosha mikono yake juu ya meza, viganja juu. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni wala kwa mafuta.

"Hii ni mwezi wa saba," alisema. "Umande umeganda kwenye majani, unashika na vidole hivi. Unazunguka shamba kutwa kikapu hakijai, kwa sababu hakuna kitu, mchai umelala. Hiyo chai yako tamu mimi naichukia, mzee. Masika ndiyo tunakula."

Rafuni palikuwa na pakiti ya kampuni, ile yenye picha ya msichana msafi akichuma huku jua likiwaka. Mama aliitazama akauliza, "Na huyu anacheka nini?"

Mwonjaji aliinuka akaondoka bila kuaga. Kwa mtu wa kwao hilo ni tusi kubwa, na mkewe aliona aibu mpaka machozi. Mimi nilikasirika naye kwa kuondoka, nikakasirika na mama kwa kusema mbele ya pilau ya watu, nikakasirika zaidi kwamba maneno ambayo ningeyasema mimi kwa miaka yote hiyo yamesemwa na mgeni wa siku chache.

Hatukuzungumza kazini wiki nzima. Ijumaa aliniuliza, kama anayeuliza saa, magari ya Embu yanapatikana wapi. Tulikwenda sote watatu. Mama hakumkataza wala hakumkaribisha.

Siku ile kituoni sitaisahau. Mvua haikukoma. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya bati, magunia yamepangwa, wanasubiri. Mwonjaji alikuwa na viatu vyake vya ngozi vya kazini, na matope yalivimeza. Hakusalimia kwa kirefu kama kawaida yake. Aliliendea gunia la karibu, akalifungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Nilimwona uso. Alipoutoa mkono, ulikuwa umelowa na unatoa moshi wa joto katika baridi ile. Akaenda gunia la pili, la tatu, mpaka mwisho wa mstari, kila moja akiingiza mkono. Mwanamke mmoja akauliza huyu ni daktari wa nini.

Kisha akakaa nao. Karani wa kituo alimjia kumwambia hapa si mahali pa wageni, Mwonjaji akakunja mikono, akatazama mvua, kama alivyomfanyia yule meneja wa sigara, karani akarudi zake. Giza lilipoanza kuingia lori halikuwa limekuja. Wanawake wakafunga magunia yao, wakayaacha pale yaendelee kuiva, wakaenda makwao. Mama alimpa Mwonjaji kitanda cha ndugu yangu, na chai ya maziwa yenye moshi wa kuni. Alikunywa yote. Hakusema samahani, na mama hakuitaka. Alimuuliza tu lori ni la nani. Mama akamwambia: ni la shemeji ya mkubwa wa kiwanda, liko moja linalotembea na jingine liko juu ya mawe, ingawa kwa karatasi yanatembea yote.

Jumatatu makopo ya kwetu yalikuwa mezani tena. Safari hii meneja alikuwepo, na wageni wawili wenye suti waliokuja kuona jinsi chai inavyoonjwa. Mwonjaji alifika kwenye kikombe kile akasimama. Hakuchukua kijiko. Alisema hataionja chai ya kiwanda hiki mpaka malori yake yatembee, na kwamba lile neno la uzembe lifutwe, kwa sababu alilisema yeye na alilisema bila kujua.

Meneja alicheka kidogo kwa ajili ya wageni. Akamwambia taratibu kwamba kazi yake ni kikombe, mambo ya malori yana wenyewe.

"Nimefanya hivyo," Mwonjaji alisema. "Nimefanya kikombe maisha yangu yote. Ndiyo maana yule mama amemwagiwa majani."

Meneja akaagiza kijiko apewe mtu mwingine. Mtu mwingine alikuwepo, kijana aliyekuwa akifundishwa na Mwonjaji mwenyewe. Akakichukua. Akafyonza, akatema, akasema inafaa kuchanganywa. Na mimi nikasukuma pipa nyuma yake, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kulisha.

Walimstaafisha kabla ya Pasaka. Walisema ulimi wake umechoka. Sisi tuliokuwa ndani tulijua kwamba ulimi ule ulikuwa haujachoka hata kidogo, ila neno lao hilo ndilo lililoenea Industrial Area yote, na hakuna kampuni iliyomtaka tena. Kwenye sherehe ya kumuaga walimpa katoni ya chai, mchanganyiko wa masika, ile ile. Nilitamani aimwage sakafuni kama alivyomwaga maji yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiacha kwenye kibanda cha askari wa geti alipokuwa anatoka.

Nyumba ya Fedha ilikuwa ya kampuni. Mkewe alitaka warudi pwani kwa ndugu. Yeye akakataa, na sababu aliyotoa ni kwamba maji ya kule yana chumvi, chai haiwezi. Nilimwambia wazi kwamba hilo ni wazimu: mwanamke aliyempikia sufuria mbili umri wake wote anastahili kupumzika kwao, na maji yaende yakafie mbali. Alinifungia mlango. Mwishowe mke alikwenda peke yake, akisema anamtangulia tu. Yeye akachukua chumba kimoja mtaa wa Pipeline, kwenye moja ya zile ghorofa zilizokuwa zikiota haraka kama uyoga, ambako maji yananunuliwa kwa mitungi na yana chumvi kuliko ya kwao.

Na kule mlimani? Mama aliruhusiwa tena kiangazi kilipokwisha, kama walivyosema, bila mtu kumwambia neno. Barabara waliitengeneza wanawake wenyewe kwa mawe. Lori lilibaki moja. Watu hupenda nikifika hapa niseme kwamba alichokifanya Mwonjaji kilizaa kitu. Sikuona kilichozaa. Niliona mzee amepoteza kazi, na kijana wake anasema inafaa, inafaa, mstari mzima, na pakiti zinatoka na msichana wao anayecheka.

Nilikwenda kumwona mwaka uliofuata, Jumapili mchana, mwezi wa saba. Nilikuwa sijamtembelea kwa muda. Ngazi zilikuwa nyembamba na nguo za watu zinachuruzika kutoka kila kizuizi. Nilimkuta amevaa koti lake la kazini juu ya sweta, kwa sababu ya baridi, na ndevu zimekuwa nyeupe zote. Chumbani mlikuwa na kitanda, jiko la mafuta, na harufu kali ya kitunguu. Alikuwa anakula maharagwe yenye pilipili. Alinikaribisha nile, nikala, yakanichoma mpaka masikioni.

Tulizungumza juu ya mkewe. Alimpigia simu kutoka kibandani kila Ijumaa, na alikuwa anafikiria kwenda, alisema, na kwa mara ya kwanza niliamini. Akauliza habari za kazi. Nilimwambia, nikaona anavyouma meno. Akauliza habari za mama.

Nikamwambia mama hachumi tena mwezi huu. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Baridi ilipoingia alining'iniza kikapu ukutani, akakaa karibu na moto na vidole vyake, na majirani zake wawili watatu walipoona hakuna kilichompata nao wakakaa. Karani wa kituo amekuja kuuliza, wakamwambia michai imelala. Kiwanda kinalalamika kwamba sehemu ile ya juu hakuna jani, na sehemu ya juu ndiko inakotoka ile ya kufumba macho. Sampuli za mwezi wa saba mezani kwetu mwaka huu ni chache, nazo ni za mabondeni, hazina kitu.

Nilitazamia ahuzunike. Nilijua alichokuwa nacho na chai ile. Aliweka sahani chini, akafuta mdomo kwa upande wa mkono, akatazama mlango uliokuwa wazi, na ukuta wa ghorofa jirani ulio karibu kiasi cha kuushika.

"Michai imelala," alisema.

"Ndivyo walivyomwambia."

Nikaona hasira ikimpanda, ile ile ya zamani, shingo ikinyooka, pua ikifunguka. Nikajiandaa. Akaniambia nimpelekee mama salamu zake, nimwambie asiiguse, hata wakija wakubwa wenye suti wampigie magoti. Awaambie na wenzake. Awaambie mpaka upande wa pili wa mlima.

"Waache wanywe mvua," alisema, akavuta sahani yake, akaendelea kula.